Kukaza vani hakupunguzi chumvi

Nimeambiwa tena, hapa Goma, kuhusu mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya kisima: "Tukaze vani ya maji ya kutupwa, taka itapungua nusu." Hapana. Zinapungua lita tu. Kilo za chumvi ziko palepale.

Chukua mtambo wa osmosisi, yaani unaosukuma maji kwa presha kupitia membrani, utando unaozuia chumvi, unaovuta lita 1,000 kwa saa, maji ya kisima yakiwa na miligramu 1,200 za chumvi kwa lita. Ukipata nusu safi, unatupa lita 500 zenye karibu miligramu 2,400. Ukikaza upate 75%, unatupa lita 250 zenye karibu 4,800. Zidisha mwenyewe: kilo 1.2 kwa saa kote kuwili, karibu kilo 10 kwa saa 8 za kazi. Floridi nayo, madini yanayoharibu meno yakizidi, kwa 75% ikiingia miligramu 3 kwa lita inatoka 12.

Kukaza kuna bei yake. Watu wanaogopa chokaa, lakini chokaa asidi ya limau inaitoa. Kwenye maji ya volkano, hofia silika, madini ya mawe na mchanga yaliyoyeyuka majini. Inaanza kuganda kwenye takribani miligramu 120 kwa lita maji yakiwa nyuzi 25, na maji ya baridi yanashusha kikomo hicho. Kisima chenye silika 45 kinafika 100 ukitoa 55%. Kwa 75% kinafika 180. Membrani ya mwisho ndiyo inashikwa kwanza. Ukiipasua hukuti unga mweupe, unakuta utando unaong'aa kama kioo, na limau haliugusi. Asidi inayouyeyusha ni ile yenye floridi, na hiyo sitaki mtu yeyote aishike kituoni. Kwa hiyo maji safi yakipungua 10% kwa presha ileile, osha siku hiyohiyo kwa soda kali ya pH 11, maji vuguvugu yasiyozidi nyuzi 30.

Programu za wauzaji wa dawa ya kuzuia gamba, yaani madini yanayoganda kwenye membrani, zitakuambia unaweza kutoa maji safi 80%. Mimi siziamini kwa maji yetu: aluminiamu au chuma kidogo tu, silika inaganda kabla ya namba iliyoandikwa.

Kinachopunguza kilo kweli ni kupitisha maji machache kwenye membrani. Maji ya kufulia na ya choo yasipite kabisa. Ya kunywa, changanya: sehemu 65 zilizosafishwa na 35 za kisima zilizotiwa klorini. Floridi ya 3 inashuka hadi karibu 1.15, chini ya kikomo cha 1.5 cha WHO, Shirika la Afya Duniani, na chumvi unayotupa inapungua kwa zaidi ya theluthi. Pima floridi kabla ya kuweka vani ya kuchanganyia, na tena kila msimu.

Bwawa la kukausha kwa jua? Lita 2,000 kwa siku, jua likinyonya milimita 4, zinataka mita za mraba 500, na hapo mvua ya Goma hujaihesabu. Lubumbashi, yenye kiangazi kirefu, inaweza kujaribu.

Maji ya kutupwa yafae choo, sakafu na zege. Zege ya nondo, kloridi isizidi miligramu 500 kwa lita. Mbuzi wasipewe: kikomo chao cha floridi ni 2. Maharage yanaumia mapema kuliko mazao mengi. Wala usiyamwage kwenye ufa wa lava, hakuna udongo wa kuyazuia, yanarudi kwenye maji yaleyale tunayovuta. Bomba lake lipakwe rangi tofauti na robine iwe ya ufunguo, maana mtoto aliyetumwa maji atajaza bidoni kwenye robine yoyote iliyo wazi.