Marekani hawakufuta Biblia mashuleni

Hii stori kwamba mahakama ya Marekani ilifuta Biblia mashuleni mwaka 1963 inazunguka sana hapa Dar, vijiweni Kariakoo, kwenye daladala za Mbagala, hata kwenye mahubiri, na si kweli jamani.

Iko hivi, jimbo la Pennsylvania lilikuwa na sheria kwamba kila asubuhi shule isome mistari ya Biblia isiyopungua 10, na kwenye shule moja ya Abington ilikuwa inasomwa kwenye spika mpaka inasikika madarasani, halafu wanafunzi wanasimama wanasali Baba Yetu kwa pamoja. Mzazi aliruhusiwa kuomba mwanae asishiriki, ila majaji 8 dhidi ya 1 wakasema hiyo ni ibada na serikali haina ruhusa ya kuendesha ibada. Sasa hukumu hiyohiyo, iliyoandikwa na Jaji Tom Clark, inasema wazi kuisoma Biblia kama fasihi na historia, bila kumvuta mtu upande wowote, ni ruksa.

Yaani mwalimu anaweza kabisa kuuliza darasa, mbona Mwanzo 1 wanyama wanaumbwa kabla ya binadamu, halafu Mwanzo 2 mtu ndo anatangulia? Hapo hakuna anayelazimishwa kuamini wala kuacha kuamini, na mimi naona mtoto anayeuliza hivyo ndo anaisoma kweli.

Huku kwetu mfumo mwingine, Necta inatahini somo la Biblia na Elimu ya Dini ya Kiislamu kidato cha nne, labda ndo maana tukisikia wenzetu wamekatazwa ibada tunadhani kitabu chenyewe kimefungiwa.