Shemeji, ile haikuwa faini

Jumapili niliamka na sauti ya dakika nne na nusu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Shemeji yangu wa Mbagala alikuwa anawafundisha wenzake siasa za Marekani, na katikati ya somo akatoa hii: "Trump alikutwa na hatia ya kubaka, ila kwa kuwa ana hela akalipa faini, wakamwachia." Watu kumi na moja wakaweka dole gumba. Mama mkwe akaweka mikono ya kuomba.

Mimi ni mkalimani wa mahakamani hapa Columbus, Ohio. Kiswahili na Kiingereza, kutwa nzima, wengi wao Wakongo, wachache Wakenya na Watanzania wenzangu. Kesi zao sizisemi. Kiapo kinanifunga, na hata kisingenifunga, za watu ni za watu. Za mastaa na marais ni nyingine, zimeshaanikwa hadharani na kila mwenye simu amezisoma. Kwa hiyo leo nitatumia za hao. Sentensi ile ya shemeji nimeisikia kinyozini, kwenye misiba, kwenye redio za nyumbani, majina yanabadilika tu: leo Trump, kesho Diddy, keshokutwa Michael Jackson. Nimechoka.

Jinai na madai mnazijua, sitakaa hapo. Jinai ni serikali inakushtaki, mwisho wake unaweza kuwa jela. Madai ni mtu anakudai, mwisho wake ni hela. Kwenye jinai baraza la raia, yaani watu wa kawaida walioitwa kuamua kesi, lazima liridhike bila kuacha shaka ya msingi. Kwenye madai inatosha mizani ilalie upande mmoja, hata kidogo. O.J. Simpson, nyota wa mpira wa Marekani aliyeshtakiwa kumuua mkewe wa zamani na rafiki wa mkewe huyo, aliachiwa kwenye jinai tarehe 3 Oktoba 1995. Februari 1997 baraza lingine, la madai, likasema anawajibika kwa vifo vile vile viwili na likaamuru alipe dola milioni 33.5. Hakuna mahakama iliyojichanganya hapo. Maswali yalikuwa mawili tofauti, na kwenye la pili alilazimika kupanda kizimbani kujieleza, jambo alilolikwepa kwenye la kwanza.

Sasa kiini cha kosa la shemeji, maana nadhani najua linakotoka. Nyumbani hakimu anasoma hukumu: "Alipe faini ya shilingi kadhaa au aende jela miezi sita." Mtu analipa, anatoka, jioni mnamkuta kijiweni. Basi tukisikia "staa amelipa mamilioni" akili inakimbilia moja kwa moja kwenye ile faini. Ana hatia, kalipa, kaachiwa. Ni hesabu nzuri kabisa, ya nchi nyingine.

Pesa za kesi za madai kama hizi haziendi serikalini, wala hazinunui uhuru, kwa sababu hakuna jela ya kukwepa. Ni fidia. Halafu kuna ambazo si hata fidia ya hukumu: wamekaa chini kabla ya kesi kwisha, wamekubaliana kiasi, wamesaini karatasi yenye mstari unaosema hakuna anayekiri kosa. Mstari huo uko karibu kwenye kila karatasi ya aina hiyo. Nimeutafsiri mara nyingi kiasi kwamba nikiamshwa usiku nausema bila kufungua macho.

Angalia Bill Clinton, akiwa rais. Paula Jones alimfungulia madai ya kumdhalilisha kingono. Aprili 1998 jaji akaitupa kesi. Clinton kashinda! Mama yule akakata rufaa, na Novemba mwaka huo huo Clinton akakubali kulipa dola 850,000, bila kuomba radhi, bila kukiri. Kwa nini mtu aliyeshinda alipe? Kwa sababu Bunge lilikuwa mlangoni na panga la kumshtaki, na kila siku ambayo kesi ile inaishi ni siku ya kuulizwa maswali mapya chini ya kiapo. Alikuwa ananunua ukimya. Je, hiyo inatuambia alifanya au hakufanya? Haituambii kitu. Nasisitiza hapo kwa sababu watu wa upande wa pili nao huniudhi: kulipa si ushahidi wa kosa, lakini pia si ushahidi wa usafi. Diddy, mwanamuziki, alifunguliwa madai ya ubakaji na unyanyasaji na mpenzi wake wa zamani Cassie Ventura Novemba 2023, wakamalizana siku iliyofuata, siku moja tu. Mawakili wake wakasema si kukiri. Sawa, kisheria si kukiri. Julai 2025 baraza la jinai likamtia hatiani kwa makosa mawili ya kusafirisha watu kwa ajili ya ukahaba, likamwachia kwenye mashtaka mazito zaidi ya genge na ya biashara haramu ya ngono, na Oktoba akapewa miezi 50. Ukisema "alikutwa na hatia" umesema kweli, ukisema "aliachiwa" umesema kweli. Ndiyo maana nawaomba: taja kosa. Hatia haitembei peke yake, lazima iwe hatia ya kitu.

Turudi kwa Trump, maana hapo ndipo shughuli yenyewe ilipo.

Mei 2023, mahakama ya shirikisho Manhattan, mwandishi E. Jean Carroll dhidi ya Trump. Kesi ya madai. Raia tisa walipewa karatasi ya maswali, na swali la kwanza lilikuwa: je, Carroll amethibitisha kwamba Trump alimbaka? Wakajibu hapana. Swali lililofuata: je, amethibitisha kwamba alimshambulia kingono? Ndiyo. Je, alimkashifu? Ndiyo. Jumla, dola milioni 5. Januari 2024, kwenye kesi yake nyingine ya kashfa, yaani kuchafuliwa jina, baraza lingine likaongeza milioni 83.3. Trump amekana siku zote na alikata rufaa zote mbili. Na ile hela ambayo shemeji anasema "alilipa"? Ilikuwa dhamana ya rufaa. Kwa ile ya milioni 83.3 aliweka dhamana ya karibu milioni 92, ili hukumu isitekelezwe wakati rufaa inasikilizwa.

Sasa jibu lile la "hapana" kwenye swali la kwanza. Wapenzi wa Trump walilishika kama kombe: "Mnaona, hakubaka!" Ngoja. Sheria ya jinai ya New York ya wakati ule ilibana neno hilo mno. Ilitaka uume uingie ukeni, basi. Kingine chochote, hata kiwe cha nguvu na cha kuumiza kiasi gani, kilikuwa na jina lingine. Julai 2023 jaji wa kesi hiyo, Lewis Kaplan, aliandika kwamba jibu lile halimaanishi Carroll alishindwa kuthibitisha kubakwa kwa maana ambayo watu wengi wanaielewa katika mazungumzo ya kawaida. Jimbo lenyewe limeshabadilisha sheria hiyo. Tafsiri pana zaidi ilianza kutumika Septemba 2024.

Kwa hiyo mtangazaji aseme nini? Machi 2024 George Stephanopoulos, mtangazaji wa televisheni ya ABC, akiwa hewani, alirudia mara kadhaa kwamba Trump alionekana anawajibika kwa ubakaji. Trump akafungua kesi ya kashfa Florida. Desemba, ABC wakakubali kutoa dola milioni 15 kwa ajili ya maktaba yake ya urais, na milioni moja ya mawakili, na wakaweka maelezo ya kujutia kauli hizo. Milioni kumi na tano kwa neno moja! Mimi nikikosea neno mahakamani, jaji anasema "mkalimani arudie", na nalipwa kwa saa.

Hapo ndipo nilipofurahi, furaha ya kisirani. Wale wale waliokuwa wakiniambia "kulipa si kukiri" kuhusu kila kitu cha Trump, ghafla wakawa wanasema: "ABC wamelipa, kwa hiyo walidanganya." Na wale waliokuwa wakisema "asiye na hatia halipi" wakaanza kunieleza kwa upole kwamba makampuni hulipa kwa sababu za kibiashara, ndugu, usiangalie hivyo. Kundi zima lilibadilishana jezi mapumziko!

Nikiri jambo. Neno la kutafsiri swali la pili la baraza la Carroll, lile la "sexual abuse", sinalo hadi leo. Redio nyingi zilisema "unyanyasaji wa kingono", na msikilizaji wa Tandale akasikia mtu aliyepigiwa mluzi barabarani, kwa sababu neno hilo tumelitumia kwa kila kitu kuanzia maneno ya ovyo kwenda mbele. Waliosema "ubakaji" walivuka karatasi ya baraza. "Shambulio la aibu" lipo, ni la mahakama zetu na limebeba uzito, lakini ni jina la kosa la jinai, na hii ilikuwa madai. Mimi ningesema "kumshambulia kingono" na kulala nikiwa na wasiwasi. Vitabu vya ukalimani vinasema tafuta neno lenye maana sawa. Asante sana.

Wasiwasi wangu mkubwa zaidi ni neno "hatia" lenyewe. Kiingereza kina neno moja la mtu aliyeshindwa jinai, "guilty", na lingine kabisa la aliyeshindwa madai, "liable". Kiswahili cha mitandaoni kinawavika wote shati moja: "kakutwa na hatia". Kwa la madai nasema "anawajibika", na kila nikilisema naona mtu ananitazama kana kwamba nimezungumzia wajibu wa mzazi kwa mtoto. Halafu kuna swali la mwanzo wa kesi, una hatia au huna. Tanzania mshtakiwa anasomewa shtaka anajibu "ni kweli" au "si kweli", mambo yamekwisha. Hapa namuuliza kuhusu hatia, na kwa Mkongo mlokole hatia ni jambo la madhabahuni. Nani mbele za Mungu atasema hana? Zaidi ya mara moja nimeona mtu akisita pale, na jaji akidhani anaficha kitu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitumia "sina hatia" nikijua kwamba Kiingereza chake, "not guilty", hakisemi hivyo. Kinachosemwa ni: thibitisheni.

Na baraza likirudi na jibu hilo la "not guilty", shida inaongezeka. Nikisema "hana hatia", nimemtawaza malaika. Michael Jackson, Juni 2005, kesi ya kumdhalilisha mtoto kingono, mashtaka yote: serikali haikuthibitisha. Basi, hapo ndipo karatasi inapoishia. Bill Cosby, yule mchekeshaji, ndiyo kabisa. Alitiwa hatiani 2018 kwa kumshambulia kingono mwanamke, na Juni 2021 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Pennsylvania ikaifuta hukumu, watu wakaandika "kasafishwa". Majaji hawakusema kwamba hakufanya. Walisema mwendesha mashtaka wa awali aliahidi kutomshtaki, na kwa kuitegemea ahadi hiyo Cosby akajieleza chini ya kiapo kwenye kesi ya madai, kisha maneno yale yale yakatumika kumfunga. Kesi ya madai iliyomalizwa kwa dola milioni 3.38 ndiyo iliyozaa kifungo na ndiyo iliyokivunja. Mweleze hiyo mtu kinyozini akiwa nusu kanyolewa.

Waigizaji Johnny Depp na mkewe wa zamani Amber Heard napita haraka, maana bado naulizwa kama Amber "ametoka". Hakuingia popote. Ilikuwa kesi ya madai ya kashfa, Virginia, Juni 2022: Depp alishinda, na baraza lile lile lilimpa na Amber dola milioni 2. Mwisho wakamalizana kwa milioni moja iliyoenda kwa Depp.

Kuna kesi moja tu ya Trump ambayo neno "hatia" linakaa sawasawa. Tarehe 30 Mei 2024, mahakama ya jimbo, Manhattan hiyo hiyo, makosa 34 ya jinai. Na hapo napo naambiwa "alitiwa hatiani kwa kulala na yule mwigizaji". Hapana. Hata kumlipa Stormy Daniels dola 130,000 anyamaze hakukuwa kosa lenyewe. Kosa lilikuwa kwenye vitabu, jinsi ilivyoandikwa hela ya kumrudishia wakili wake aliyemlipa Stormy: ankara 11, hundi 11, na maandishi 12 ya daftari la hesabu, vyote vikisema ni malipo ya uwakili. Jumlisha mwenyewe. Na adhabu yake, Januari 2025? Hakuna jela, hakuna uangalizi, hakuna faini. Kesi pekee ambayo faini ya shemeji ingeweza kumwangukia Trump kama adhabu, hakutozwa. Dola 10,000 alizotozwa katikati ya kesi ile zilikuwa za kukiuka amri ya jaji ya kufunga mdomo.

Yote haya nilimwekea shemeji kwenye sauti ya dakika tisa. Akaisikiliza, nimeona alama za buluu. Baada ya nusu saa akajibu kwa sekunde sita: "Sawa shemeji, nimekuelewa vizuri sana. Sasa O.J. aliua au hakuua?"

Mama mkwe ameweka dole gumba kwenye swali.