Je, wajua kwa nini pumzi hurudi haraka lakini kano huchelewa?

Aliyekaa miaka bila mazoezi huogopa zaidi siku ya kwanza. Pumzi inakata, miguu inatetemeka, na kesho yake hata kukaa kitini ni kazi. Lakini wapo wanaoumia baadaye, baada ya wiki kadhaa, wakati ambapo mwili unaonekana umeshazoea.

Mwili haurudi wote kwa mwendo mmoja. Damu hutangulia: ndani ya wiki moja au mbili za mazoezi, maji yake huongezeka, moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na ngazi zilizokukata pumzi unazipanda huku unaongea. Nguvu nazo huja mapema, kabla misuli haijanenepa, kwa kuwa ubongo na neva hujifunza upya kuamsha nyuzi nyingi za misuli kwa pamoja. Kano, zile kamba ngumu zinazoshikisha misuli kwenye mifupa, hupata damu kidogo na hujijenga taratibu mno, kwa miezi. Hivyo moyo unaweza kumudu kilomita 5 huku kano ya kisigino ikiwa bado ni ya mtu wa kukaa tu. Na unapokimbia, kano hiyo hubeba mzigo unaozidi uzito wako mara kadhaa.

Basi anza na kile ambacho kano inakimudu. Tembea dakika 20, siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Mara mbili kwa wiki, inuka kitini bila kujishika, marudio 8, seti 2. Piga pushapu ukiegemea ukuta, idadi hiyohiyo. Kisha panda kwa vidole vya miguu na kushuka polepole, ukihesabu sekunde 3. Zoezi hili la mwisho wengi huliruka, na ndilo linaloiandaa kano ya kisigino. Acha kila seti ukiwa na uwezo wa kurudia mara mbili au tatu zaidi.

Kuanzia wiki ya tatu au ya nne, kama hakuna kinachouma, kimbia polepole dakika 1, tembea dakika 2, mara 6. Ongeza kitu kimoja tu kwa wakati: ama muda, ama kasi, ama siku. Kosa kubwa ni kuviongeza vyote kwa sababu pumzi inaruhusu.

Maumivu je? Yale ya misuli hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Wengi huilaumu asidi ya laktiki, ile inayotokea kwenye misuli wakati wa mazoezi makali, lakini hiyo huondoka muda mfupi tu baada ya mazoezi. Chanzo cha maumivu hayo ni misuli kufanya kazi huku ikirefuka, kama unaposhuka ngazi au mteremko. Ukirudia zoezi lilelile wiki inayofuata, maumivu huwa madogo zaidi.

Ya kano ni tofauti, na yana hila. Hukaa mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa kidole, hukaza katika hatua za kwanza za asubuhi, hupungua ukishapata joto, halafu hurudi baadaye. Kule kupungua ndiko kunakodanganya watu waendelee kukimbia. Simamisha mbio, lakini usilale kitandani: kano isiyobebeshwa chochote huzidi kudhoofika. Endelea na lile zoezi la vidole polepole, mradi maumivu ni madogo na hayajazidi asubuhi inayofuata.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kuanza. Kifua kikibana au ukihisi kuzimia, acha papo hapo utafute msaada. Na ukikojoa mkojo wa rangi ya kahawia baada ya mazoezi makali, nenda hospitali siku hiyohiyo: huenda misuli imevunjika kupita kiasi na figo zinaweza kuharibika.