Suria ni nani?

Suria ni mjakazi ambaye bwana wake hulala naye bila kufunga naye ndoa, kwa sababu tu anammiliki. Hakuna posa wala mahari, na hakuna anayemwuliza kama ameridhia.

Dini hazikuanzisha jambo hili, zililikuta na kuliwekea mipaka. Katika fiqhi ya Kishafi, yaani sheria ya Kiislamu ya madhehebu ya Shafi, iliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, suria akizaa na bwana akamkubali mtoto, mtoto huyo ni huru na hurithi kama watoto wa mke. Mama hauziki tena, na bwana akifa anakuwa huru. Biblia nayo, Kumbukumbu la Torati sura ya 21, inamruhusu mpiganaji kumchukua mateka mzuri wa uso, lakini kwanza ampe mwezi mzima wa kuwalilia baba na mama yake, ndipo amwingilie. Asipopendezwa naye amwache aende, asimwuze. Ni huruma, ndiyo, ila hebu fikiri ni mwanamke yupi anayemaliza msiba wake kwa mwezi mmoja kisha amfungulie mlango mtu aliyemteka.

Zanzibar, masuria waliwazaa masultani. Barghash, aliyetia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa mwaka 1873, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Dada yake kwa baba, Salme, alizaliwa na Jilfidan, aliyenyakuliwa kwao upande wa Caucasus angali mtoto mdogo. Salme huyohuyo, katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1886, aliutetea utumwa wa Waarabu. Alikulia kasri, akaona watu waliokula na kuvaa vizuri, na utetezi wa namna hiyo tunausikia hadi leo: mbona walitunzwa?

Amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa Zanzibar iliwaacha masuria nje. Walihesabiwa kama wake, wabaki walipo. Aliyetaka kuondoka ilimbidi athibitishe mahakamani kwamba bwana wake ni katili; asiyezaa aliweza kukombolewa kwa idhini ya mahakama. Maana yake, kununuliwa na kulazwa na mtu usiyemchagua hakukuhesabiwa kuwa ukatili. Shurti pawe na kingine juu yake. Amri hiyo ilitolewa na sultani wa Kiislamu kwa msukumo wa Waingereza Wakristo, na kwa hili hawakugombana. Masuria walisubiri hadi sheria ya 1909.