Kwanini enka iliyoteguka mara moja huteguka tena, hata kama maumivu yameshaisha?

Mwaka juzi niliteguka enka ya kulia nikishuka milima ya Uluguru, njia ya Morningside, kwenye ule utelezi wa udongo mwekundu baada ya mvua. Nikakaa wiki sita bila kukimbia, nyumbani wakanikanda maji ya moto na chumvi, uvimbe ukaisha, maumivu yakaisha, nikarudi mlimani na siku ya tatu tu nikateguka mguu ule ule kwenye kijiwe ambacho hakizidi ndimu. Nikajiambia nimewahi sana, ningepumzika wiki nane. Hapo ndo nilipokosea, na wakimbiaji wengi ninaokutana nao huko juu bado wanaamini hivyo hivyo, kwamba enka ni kama kidonda, ukikipa muda kinafunga na habari imeisha.

Kupumzika kunatuliza uvimbe, hilo halina ubishi. Ila maumivu kuisha hakukwambii kama mguu unaweza tena kutua kwenye jiwe lililolala upande, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na mi nilikuwa nayachanganya. Kuna na ile imani nyingine kwamba ligamenti, ile kamba ngumu inayofunga mfupa na mfupa, ikishavutika imelegea kama lastiki ya zamani, basi utafunga bandeji maisha yako yote. Ina ukweli kidogo, maana ligamenti huchukua miezi kujijenga upya na ya wengine hubaki imelegea kweli, lakini ingekuwa hiyo ndo sababu pekee basi mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja yasingesaidia kitu, kwasababu kusimama hakukazi ligamenti. Na yanasaidia! Uholanzi walichukua wanamichezo 522 walioteguka enka, wote wakapata huduma yao ya kawaida, nusu wakaongezewa mazoezi ya balansi ya wiki nane, ya kufanya wenyewe nyumbani. Matokeo yalitoka mwaka 2009: ndani ya mwaka mmoja, wasiopewa mazoezi 33% waliteguka tena, waliopewa ni 22%. Angalia na hiyo 33% yenyewe, mmoja kati ya watatu.

Kwa kifupi enka imekaaje: ule mfupa uliochomoza upande wa nje unashuka chini kuliko wa ndani, na ligamenti za ndani ni nene na ngumu zaidi, kwahiyo mguu unapinduka kirahisi wayo ukiangalia ndani, na inayoumia mara nyingi ni ligamenti ndogo ya nje, mbele ya huo mfupa. Wa kuzuia mpinduko huo ni misuli ya upande wa nje wa muundi, kano zake zinapita nyuma ya mfupa huo huo, ukipapasa hapo huku unainua ukingo wa nje wa wayo utazisikia zinacheza.

Sasa kinachonishangaza mpaka leo ni hiki. Ukikanyaga vibaya, misuli hiyo inaanza kuitika baada ya kama milisekunde 60 hadi 80, afu inahitaji muda mwingine tena mpaka ikaze kwa nguvu ya maana, na enka inaweza kuwa imeshapinda vya kutosha kuchanika kabla ya hapo. Yaani kushtuka peke yake hakukuokoi, unakuwa umeshachelewa.

Chukua daladala la asubuhi, umesimama, umeshika bomba. Abiria wa kila siku anajua tuta lipo wapi, kwahiyo tairi halijagusa tuta yeye keshalegeza magoti na kubana bomba, gari linaruka na yeye yupo pale pale. Mgeni ana mikono ile ile, pengine na nguvu kumzidi, ila anakaza baada ya kurushwa, na muda huo keshamwangukia mama wa watu na kikapu chake. Hajakosa nguvu, amekosa kuijua njia.

Enka nzima inafanya kazi kama yule mwenyeji. Mguu ukiwa bado hewani, misuli ya pembeni imeshaanza kukaza kulingana na ardhi ambayo ubongo unaitegemea, na ubongo unaijua kwa taarifa za kila hatua kutoka kwenye ligamenti, kano, misuli na ngozi ya wayo. Mtu anayeteguka mara kwa mara ni kama mwenyeji aliyegeuka mgeni: wengi wakipimwa wanakutwa wanatua na ukingo wa nje wa wayo umeshainama kidogo, yaani nusu ya safari ya kuteguka wameianza kabla hata ya kugusa jiwe.

Taarifa zinaharibikia wapi hasa? Hapo ushahidi unakuwa mwembamba. Mwaka 1965 daktari Freeman na wenzake Uingereza walisema ligamenti ikichanika, na vihisio vilivyomo ndani yake vinakatika. Inaeleweka vizuri, ila baadae watu walichomwa sindano ya ganzi kwenye ligamenti za enka na bado wakaweza kujua mguu umekaaje walipoutumia wenyewe, na misuli haikuchelewa kuitika. Kwahiyo huenda tatizo kubwa liko juu zaidi, kwenye namna ubongo unavyozipanga hizo taarifa.

Kama ndo umeumia leo na huwezi kutembea hata hatua nne, au mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa, nenda kapige eksirei kwanza. Ukishatulia, simama kwa mguu mmoja wakati unapiga mswaki, peku, afu funga macho. Nilipojaribu mara ya kwanza, mguu wa kushoto ulitulia kabisa, wa kulia vidole vikawa vinakwaruza sakafu kama vinatafuta pa kushika na zile kano za juu ya wayo zinarukaruka zenyewe, na maumivu sina hata kidogo! Kwenye kukimbia anza tambarare, afu kupanda, kushuka kuje mwisho kabisa. Sapoti ya enka nayo inapunguza kuteguka, usiione aibu kuivaa. Na jioni giza likianza kuingia ongeza umakini, maana enka za hivi hutegemea macho kuliko kawaida.

Macho yakiwa yamefumbwa nilianza na sekunde 7 mguu wa kulia, kushoto zaidi ya 30. Jumapili iliyopita kulia imefika 24, na ule mteremko wenye mizizi bado naushuka kwa kutembea.