Mvua si adui wa panorama: tunayokosea tunapolipiga picha Ziwa Tanganyika

Kila ifikapo Julai, vijana wenye simu mpya, na wachache wenye kamera, hupanda miinuko ya Bangwe hapa Kigoma wakitaka kulimeza ziwa lote kwa panorama, yaani picha moja pana inayounganishwa kutoka picha kadhaa. Anga haina wingu hata moja. Wanashuka na picha iliyofifia, maji na mbingu vimekuwa kitu kimoja, na ng'ambo hakuna kinachoonekana. Mvua za Novemba zikianza, kamera inafungiwa kabatini. Linaniuma sana hilo, maana msimu wenyewe wa picha hiyo ndio kwanza umeanza. Haya hapa tunayoyaamini kimakosa, moja baada ya jingine.

Kwamba panorama hutaka anga safi ya kiangazi

Aliyekulia Kigoma anajua kuwa milima ya Kongo haionekani kila siku. Ziwa lina upana wa wastani wa kilometa 50 hivi, na hewa iliyo katikati ndiyo inayoamua. Kiangazi watu huchoma mashamba, mapori nayo huungua, vumbi linapanda, na hakuna mvua ya kuyashusha yote hayo. Chembe za moshi na vumbi hutawanya mwanga, zikaweka utando mweupe mbele ya macho yako. Mvua kubwa ikipita, hewa imeoshwa. Nenda ufukweni saa moja baada ya mvua ya Machi utazame ng'ambo: makorongo ya milima ile utayahesabu.

Mawingu yenyewe nayo yana kazi. Picha pana hubeba anga nyingi, na anga tupu haina cha kumwambia mtazamaji. Isitoshe, jioni jua la Kigoma hukaa juu ya ziwa. Ukianza kupiga kusini ukamalizia kaskazini, picha za katikati zitaungua kwa mwanga na za pembeni zitakuwa na giza. Wingu hupunguza tofauti hiyo. Na usiende na saa za jamaa wa Dar es Salaam: sisi tuko mbali magharibi, jua letu huzama karibu saa 1 jioni, kama dakika 40 baada ya lao.

Kwamba kamera ikiwekwa otomatiki itajua yenyewe

Kwa picha moja, sawa. Kwa panorama, hapana, na mimi nililipia somo hilo. Jaribio langu la kwanza lilikuwa Aprili, mvua imekatika punde, upande wa Kongo mweusi tii, na mwanga wa dhahabu umepenya katikati ya mawingu. Nilipiga picha tisa mfululizo, kamera ikiwa otomatiki. Nyumbani nilipoziunganisha, anga ilitoka na mabaka ya wima kama vipande vya kanga vya doti tofauti vilivyoshonwa pamoja. Kila kamera ilipokutana na wingu jeusi iliongeza mwanga, ilipofika penye ung'avu ikapunguza, na rangi nayo ikahama kutoka bluu kwenda manjano. Mwanga ule sijauona tena.

Kwa hiyo funga kila kitu kabla ya kuanza. Pima mwanga kwenye sehemu ang'avu ya anga, si jua lenyewe, kisha weka vipimo kwa mkono: tundu la lenzi f/8, kasi ya 1/250 ya sekunde au zaidi ili mawimbi yasifute umbo, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) uipandishe kadiri giza linavyotaka. Lenga ufukwe wa mbali, halafu zima ulengaji wa otomatiki. Mizani ya rangi (white balance) iweke kwenye alama ya wingu. Mwenye simu, simu nyingi hukuruhusu kubonyeza kioo na kushikilia mpaka mwanga na ulengaji vijifunge. Hali ya hewa ikiwa inabadilika, mzunguko mzima uishe ndani ya nusu dakika, kisha rudia mara tatu au nne. Seti moja kati ya hizo itakubali.

Kwamba bila stendi huwezi

Nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, geuza kichwa taratibu. Umeona kidole kinavyohama ukutani? Ndicho kinachotokea kwa kila kitu kilicho karibu nawe kamera inapogeuka, na ndicho kinachozishinda programu za kuunganisha. Ukipiga ziwa na milima tu, vyote viko mbali, mkono unatosha, ila uizungushe kamera pale pale ilipo: lenzi iwe mhimili, nawe uizunguke kwa miguu. Ukitaka mtumbwi uliovutwa mchangani hatua mbili kutoka kwako, hapo stendi ni ya lazima. Na upepo ukiwa mkali, usirefushe miguu yake. Mkoba ulioning'inizwa chini yake ili uipe uzito uguse ardhi, la sivyo utabembea na kuitikisa.

Picha jirani zipishane kwa theluthi moja hadi nusu. Wengi huzigusanisha ukingo kwa ukingo, wakati maji yenye mawimbi na mawingu yanayokimbia hayaipi programu pa kushika. Palipo na rasi, mti au nyumba, hakikisha mpishano unapaangukia. Boti iliyotoka Kibirizi ikipita, iweke nzima katikati ya picha moja, usije ukaikuta na pua mbili.

Lenzi pana kupita kiasi nayo haisaidii: milima ya Kongo itakuwa uzi. Lenzi ya milimita 35 hadi 50, kamera imesimamishwa wima, inatosha kabisa.

Kwamba radi haipigi mpaka mvua ikufikie

Hii ndiyo inayonitia hofu. Radi hupiga hata kilometa 10 nje ya eneo la mvua, na mtu aliyesimama kileleni kando ya stendi ya chuma ndiye kitu kirefu kuliko vyote pale. Sauti husafiri kilometa moja kwa sekunde tatu hivi. Hesabu kuanzia mmweko; ngurumo ikisikika kabla ya sekunde 30, shuka, ingia ndani ya nyumba au gari, si chini ya mwembe. Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Tumeambiwa tangu utoto kwamba nguo nyekundu huvuta radi. Rangi haihusiki. Urefu na uwazi wa mahali ndio unaohusika, na mwenye shati jeupe aliyebaki juu ya kilima yuko hatarini kuliko mwenye jekundu aliyeshuka.

Dakika hizo za kusubiri zina kazi yake. Usiilaze kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi, maana ukitoka nayo kwenye joto la unyevu kioo kitafunga ukungu. Ivalishe kofia ya plastiki ya kuogea, kausha lenzi, na uwe na vitambaa viwili, kwa sababu cha kwanza hulowa mapema. Ngurumo ikishatulia, panda tena upesi. Milima huanza kujitokeza kwa vilele, miteremko inafuata, na moto wa jioni ukiwaka vijijini utando hurudi.