Je, wajua? Mbunge wako halazimiki kusema ulichomtuma

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mbunge ni mtu wa kutumwa. Wananchi wakishakaa mkutanoni wakakubaliana jambo, kazi yake ni kulifikisha Dodoma kama lilivyo. Akilipindisha, wanamrudisha nyumbani na kumtuma mwingine. Nilikosea pande zote mbili, na wengi ninaozungumza nao wanakosea palepale.

Katiba ya Tanzania ya 1977 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Ibara ya 100 inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano bungeni. Ibara ya kumfunga mbunge kwa maagizo ya jimbo haimo. Ufaransa wamekwenda mbali zaidi: Katiba yao ya 1958 inatamka kwamba agizo la namna hiyo ni batili.

Kiswahili kinalijua jambo hili. Mjumbe hubeba neno la mwingine, ndiyo maana mjumbe hauawi. Mwakilishi ni wa ukoo mmoja na wakili: amekabidhiwa shauri, si ujumbe.

Mfikirie mshenga. Nyumbani wamemwambia mahari isizidi kiasi fulani. Anafika ukweni anakuta mama wa binti anadai mkaja, mjomba naye ana neno ambalo hakuna aliyelitarajia. Aking'ang'ania kiasi alichopewa, posa inavunjika na aliyemtuma anakosa mke. Akikubali kila kitu, anawafilisi waliomwamini. Inabidi atumie akili yake, kisha arudi aeleze alichokubali na kwa nini. Bungeni ni hivyohivyo: jimbo la wafugaji na jimbo la wakulima yanagombea bonde moja. Wabunge wote wawili wakifungwa na maagizo, mjadala hauna kazi. Tuhesabu maagizo tu.

Mwanasiasa Edmund Burke aliwaambia hayo wapiga kura wa Bristol, Uingereza, mwaka 1774: mbunge ana deni kwao la busara yake pia, si la jasho tu. Baadaye aliunga mkono kulegezwa kwa vikwazo vya biashara ya Ireland, wafanyabiashara wa mji wake wakachukia, na mwaka 1780 akajitoa kwenye kinyang'anyiro alipoona hapati kura. Mshenga ana uhuru, ila hesabu atatoa.

Je, hesabu hiyo haiwezi kudaiwa kabla ya uchaguzi? Kenya waliandika haki ya kumwondoa mbunge katika ibara ya 104 ya Katiba ya 2010, lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu muhimu vya sheria ya kuitekeleza. Tanzania wapiga kura hawana haki hiyo. Chama ndicho chenye nguvu: mbunge akikoma kuwa mwanachama, ibara ya 71 inamvua kiti. Jimbo lililompa kazi haliwezi kuichukua. Chama kilichomdhamini kinaweza. Hilo ndilo linalonikera zaidi.

Na ukitaka kumpima, usihesabu hotuba peke yake, kwani kazi kubwa hufanyika kwenye kamati. Miswada mingi hupita kwa sauti za "ndiyo" na "siyo", bila jina la mtu. Bajeti ya Serikali ni tofauti: wabunge huitwa mmoja mmoja, kila jina na kura yake.